Mtandio wa Bibi Kwenye Tisheti Nyeusi

Familia moja ya Magomeni, Dar es Salaam, ilikuwa inaandaa sherehe ya bibi yao kutimiza miaka 80. Wajukuu walishapitisha kwenye kikao chao: tisheti nyeusi, picha ya bibi kifuani, chini yake maandishi "Miaka 80". Picha ilikuwepo tayari. Bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, jua la saa kumi alasiri linamgusa bega la kushoto, mkono umekamata mkongojo, usoni ana miwani, na kichwani amejitanda mtandio mweupe wa lesi. Pembeni ya masikio mvi zimechungulia. Ni picha ambayo ukiitazama unataka kutoa shikamoo. Ila kwa mtu kama mimi, anayekata picha kwa riziki yake, yaani kumtoa mtu kwenye mandhari ya nyuma, imekusanya karibu kila kinachosumbua: nywele, lesi inayoonyesha kilicho nyuma yake, fimbo nyembamba, vioo vya miwani, na majani mabichi yanayoambukiza rangi yao kwa kila kilicho jirani.

"Kaka, si unatoa hayo majani basi?" aliniuliza binti mkubwa wa bibi, ambaye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kamati.

"Majani yatatoka, dada. Niambie kwanza, tisheti zinaprintiwa kwa njia gani? Na bibi mwenyewe anasemaje kuhusu mtandio?"

Akacheka. Bibi alishatoa hukumu: bila mtandio hatoki mbele za watu, si kwenye tisheti wala kwenye kadi. Jibu hilo lilifunga njia ya mkato, yaani kuikata lesi yote nikabaki na kichwa kitupu chenye ukingo rahisi. Na jibu la swali la kwanza, kwamba fundi wao wa Kariakoo anatumia mashine ya filamu inayoitwa DTF, lilibadilisha namna nzima ya kuandaa ukingo huo. Watu huniuliza kila siku ni programu gani inatoa mandhari ya nyuma vizuri. Mimi nauliza picha ikishakatwa inakwenda kukaa juu ya nini, kwa sababu faili moja haliwezi kupendeza kila mahali.

Walichokuwa wameshajaribu

Mjukuu mmoja alishaipitisha picha kwenye tovuti inayokata yenyewe, na matokeo yake alinitumia. Majani yalikuwa yametoka, kweli. Lakini mkongojo nao ulikuwa umekwenda, ngumi ya bibi imebaki imekamata hewa. Upande wa kulia lesi ilikuwa imemegwamegwa kama nguo iliyoliwa na mende, na kati ya mkono na kiuno kulibaki pembetatu ya majani ambayo programu haikuigusa.

Si kwamba zana hizo ni mbovu. Mtu aliyevaa kofia mbele ya ukuta mweupe zitamkata kwa sekunde chache, na mimi mwenyewe huzitumia kwa kazi za namna hiyo. Zimefunzwa kwa picha nyingi mno kutambua kilicho kikuu kwenye picha, na nyingi huipunguza picha kwanza ndipo ziamue. Mfano ni U²-Net, mfumo uliotolewa mwaka 2020 na ambao umetumika ndani ya zana kadhaa za bure: unaitazama picha ikiwa imeshushwa hadi pikseli 320 kwa 320, pikseli zikiwa ni zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha. Piga hesabu. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 3000, ndani yake mkongojo wa pikseli 40; ikishapunguzwa, mkongojo umebaki pikseli 4 hivi. Uzi wa lesi wenye pikseli 4 unabaki chini ya nusu pikseli, maana yake haupo. Mfumo unatoa uamuzi juu ya kitu ambacho haukukiona, kisha uamuzi huo unatanuliwa kurudi kwenye ukubwa wa picha halisi. Ndiyo maana ukingo wa mashine mara nyingi una ulaini wa ajabu, kama pamba, hata pale ambapo nguo ina ncha kali.

Kulikuwa na lalamiko la pili. Kijana alipoipata picha iliyokatwa aliituma kwa shangazi yake kwa WhatsApp, na kwa shangazi ikafika na mandhari meusi tititi. Familia ikahitimisha kwamba tovuti imewaibia. Haikuwa tovuti. Kila pikseli ya picha ya kawaida hubeba namba tatu: nyekundu, kijani na bluu. Faili la PNG linaweza kubeba namba ya nne, alfa, inayosema pikseli hiyo ionekane kwa kiasi gani, kutoka 0 ambayo haionekani kabisa hadi 255 ambayo ni nzito kamili. Ukituma picha kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa kuwa JPEG, na JPEG haina mahali pa kuweka namba hiyo ya nne. Inatupwa. Zinabaki namba tatu za rangi, ambazo kwenye sehemu zilizofutwa programu nyingi huziacha kuwa sufuri, sufuri, sufuri. Hiyo ni nyeusi. Programu nyingine hujaza nyeupe kabla ya kubana, basi mwingine ataona nyeupe. Dawa yake ni kuituma kama dokumenti, iende faili lenyewe bila kuguswa.

(Ndugu yake tatizo hili ni zile picha za mtandaoni zenye vikisanduku vya kijivu na nyeupe nyuma. Ukipakua ukakuta vikisanduku vimekuja navyo, ujue umepakua picha ya vikisanduku. Uwazi wa kweli hauna rangi; vikisanduku huchorwa na programu unayotazamia ili tu ujue hapo hakuna kitu.)

Kutafuta picha mama

Nakala niliyopewa ilikuwa imepita kwenye makundi ya familia na kufika kwangu ikiwa na pikseli 1200 kwa 1600. Bibi mwenyewe alichukua upana wa pikseli 920 hivi. Picha ilitakiwa kuwa na upana wa sentimita 28 kifuani, yaani inchi 11. Gawanya: pikseli 83 kwa kila inchi. Kwa uso peke yake ungeweza kulazimisha, lakini lesi ingekuwa uji.

Na ukubwa si tatizo pekee. JPEG huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuvirahisisha, na kwa kawaida huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa mwanga, kwa kuwa jicho la mtu haligundui upesi. Jicho haligundui, ila mkataji anagundua: pale lesi nyeupe inapokutana na jani, kijani cha jani kimevuja kwenye uzi kabla hata hujaanza kazi. Picha iliyobanwa mara tatu imevujishwa mara tatu.

Nikamwomba dada amtafute aliyepiga. Alikuwa mjukuu aliyeko Dodoma, na bahati nzuri simu ilikuwa ile ile. Aliituma kama dokumenti: pikseli 3000 kwa 4000, bibi akiwa na upana wa pikseli 2300. Sasa tuna zaidi ya pikseli 200 kwa inchi kwenye ukubwa ule ule wa sentimita 28. Ningeulizwa ni hatua gani ya kazi hii iliokoa muda mwingi kuliko zote, ningetaja simu hiyo ya Dodoma.

Kukata

Nilitumia Photopea, programu ya kuhariri picha inayofunguka kwenye kivinjari bila malipo. GIMP au Photoshop zingefanya kazi ile ile kwa majina mengine ya menyu. Sifuti kitu. Picha inabaki nzima kwenye leya yake, yaani tabaka lake, na juu yake naweka maski: palipo peupe bibi anaonekana, palipo peusi anafichika, palipo kijivu anaonekana nusu. Nikikata vibaya, napaka rangi ya kinyume na kilichofichika kinarudi. Anayetumia kifutio anaharibu pikseli zenyewe, na mteja akisema "rudisha hereni" hana pa kuitoa.

Chini ya bibi niliweka leya tatu za rangi moja moja za kuwasha na kuzima: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Vikisanduku vya programu huficha makosa. Ukingo wenye kijani hauonekani juu yake. Weka nyeusi na kila uchafu unajitokeza.

Sehemu zenye ukingo mkali zilikwenda haraka. Mabega, mkono, kitambaa cha gauni na mkongojo nilivikata kwa kalamu ya njia, nukta kwa nukta, nikiingia ndani ya mwili kwa pikseli moja au mbili ili nisichukue ule mstari wa mwisho uliochanganyika na nyuma. Mkongojo ni mistari miwili iliyonyooka, dakika chache. Ile pembetatu ya kati ya mkono na kiuno ikatolewa, na kitundu kingine kidogo kati ya fremu ya miwani na shavu, ambacho watu hukisahau halafu bibi anavaa tone la kijani pembeni ya jicho mpaka sherehe inaisha. Mgongo wa kiti ulikuwa unaonekana nyuma ya bega, niliuondoa. Mkono wa kiti haungeondoka bila kiwiko kuning'inia, kwa hiyo tukakubaliana picha iishie juu yake na utepe wa maandishi upite hapo, ufunike mkato wa chini.

Nywele zikafuata, na hapa nataka kukaa kidogo.

Chukua pikseli moja tu kwenye ukingo wa mvi. Unywele ni mwembamba kuliko pikseli, kwa hiyo kamera imeandika mchanganyiko: nusu mvi, nusu jani. Tuseme mvi halisi ni 220 kwa nyekundu, kijani na bluu, na jani ni 60, 110 na 40. Mchanganyiko wake nusu kwa nusu unatoa 140, 165, 130, yaani kijivu chenye ukijani. Sasa amua. Ukiiacha pikseli hiyo nzima, kwenye tisheti nyeusi itang'aa kama nukta ya kijani hafifu, na ukingo mzima wa kichwa utakuwa na pete ya rangi hiyo. Ukiifuta, umenyoa unywele. Ukifanya hivyo kuzunguka kichwa chote bibi anatoka na nywele za plastiki. Ukiipa alfa ya nusu na kuishia hapo, juu ya nyeusi inakuwa 70, 82, 65: imefifia, lakini bado kijani ndicho kinachotawala. Jibu sahihi lina sehemu mbili. Alfa inakuwa nusu, na rangi yenyewe inarudishwa kuwa 220, 220, 220. Juu ya nyeusi itatoa 110, 110, 110, ambayo ndiyo mvi safi iliyofifia, kama kamera ingeiona mbele ya kitambaa cheusi.

Hesabu hiyo si yangu. Wazo la kubeba alfa pamoja na rangi lilitoka kwa Alvy Ray Smith na Ed Catmull miaka ya mwisho ya 1970 kwenye New York Institute of Technology, na mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakaweka kanuni za kupandanisha picha ambazo programu nyingi za leo hufuata. PNG ilipotoka mwaka 1996 ilikuja na ngazi zote 256 za uwazi. GIF iliyokuwepo kabla yake ilijua kuonekana au kutoonekana tu, bila katikati. Nywele zinaishi hapo katikati.

Kwa vitendo, Photopea ina zana ya kuboresha ukingo ambapo unapaka rangi tatu: nyeupe kwa kilicho bibi hakika, nyeusi kwa kilicho majani hakika, na kijivu kwa ukanda usiojulikana. Programu inakadiria alfa ndani ya ukanda wa kijivu peke yake. Wengi wanakosea kwa kupaka kijivu kinene kuanzia shavuni hadi kwenye jani la tatu, kwa matumaini kwamba mashine itajua. Haijui. Ukanda uwe mwembamba kadiri nywele zinavyotoka na si zaidi; shavu libaki nyeupe, jani libaki jeusi. Baada ya hapo rangi: leya mpya imebanwa juu ya bibi, imewekwa kubadili rangi bila kugusa mwanga na giza, kisha brashi laini yenye kijivu kitupu kwenye ukingo wa nywele. Kijani kikazimika. Nilipita pia, kwa mkono mwepesi zaidi, kwenye shavu la upande wa kivuli na kwenye vioo vya miwani. Chini ya mti mwanga wenyewe huja umepakwa kijani. Mbele ya majani hakuna anayeona, lakini ukimhamishia bibi kwenye nyeusi anaonekana mgonjwa.

Lesi

Sehemu kubwa ya mtandio ilikuwa imelala juu ya nywele, bega na kifua. Hiyo haihitaji kazi yoyote: kinachoonekana kupitia matundu yake ni bibi mwenyewe. Tatizo lilikuwa pindo la kulia, kama upana wa kiganja, lililokuwa linaning'inia hewani likionyesha mwembe kupitia kila tundu. Kukata kila tundu kwa kalamu ni adhabu. Zana ya nywele nayo huchanganyikiwa, kwa sababu lesi ina mpangilio na yenyewe inategemea vurugu laini.

Lakini lesi ni nyeupe na majani ni ya kijani, na tofauti hiyo imeshaandikwa ndani ya picha. Nilifungua chaneli za rangi, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, nikaangalia moja moja. Kwenye ya kijani, majani yalikuwa yameng'aa na lesi nayo imeng'aa, havitofautiani vya kutosha. Kwenye nyekundu ilikuwa afadhali, ila majani yaliyopigwa na jua yana umanjano, na umanjano hubeba nyekundu nyingi. Kwenye bluu, majani yalikuwa karibu meusi na nyuzi za lesi zikasimama nyeupe kila moja peke yake. Nikainakili chaneli ya bluu, nikaibana viwango vya mwanga mpaka majani yakawa meusi kabisa na nyuzi nyeupe kabisa, huku katikati nikiacha vijivu vya kutosha kwenye kingo za nyuzi. Hiyo ndiyo ikawa maski ya pindo.

Kuna mambo mawili yanayokuja na ujanja huu. Bluu ndiyo chaneli yenye chembechembe na mabaka mengi kuliko zote kwenye picha za simu, hivyo unaifanyia ulainishaji kidogo kabla ya kuibana, kidogo hasa. Na mbingu. Kati ya majani kulikuwa na vijitundu vya mbingu, na mbingu ina bluu kibao, kwa hiyo maski ilizihesabu kama lesi: madoa meupe yakielea nje ya mtandio. Hayo niliyafuta kwa brashi nyeusi, doa kwa doa. Mengine yalikuwa yameangukia ndani ya tundu la lesi, na hapo nilichungulia tundu la jirani kuona ua limefumwaje ndipo nikajua kipi ni uzi na kipi ni mbingu.

Rangi ya pindo sikuisafisha kabisa, niliibadilisha. Kwa kuwa maski imeshabeba umbo lote, nilijaza pindo kwa nyeupe yenye unjano kidogo niliyoichukua kwenye lesi iliyolala begani, kisha nikarudisha juu yake vivuli vya picha halisi kwa nguvu ndogo ili mikunjo isipotee. Kijani hakikuwa na mahali pa kujificha tena.

Kinachotokea kwa fundi

Mbele ya leya nyeusi kwenye skrini bibi alikuwa amekamilika. Ungedhani ni kutuma faili na kungoja tisheti. Lakini skrini inajua nusu uwazi, wino haujui.

Kwenye DTF picha huprintiwa kinyume kwenye filamu ya plastiki: rangi kwanza, kisha wino mweupe juu ya rangi. Inanyunyiziwa unga wa gundi, unga unayeyushwa, filamu inabanwa kwenye tisheti kwa mashine ya joto, kisha inabanduliwa. Wino mweupe unaishia chini ya rangi, na bila huo hakuna rangi itakayoonekana juu ya kitambaa cheusi. Sasa pikseli yenye alfa ya nusu inaambiwa itoke vipi? Mashine inapunguza matone. Yakipungua ya rangi huku nyeupe ikibaki chini yake, unapata ukungu mweupe kuzunguka kichwa, ule ambao umeuona kwenye tisheti nyingi za misiba na kampeni. Yakipungua yote, unga haupati pa kushika, na ukingo unabanduka kwenye kufua.

Fundi alinieleza kwa lugha yake: "Bro, mimi ukinipa moshi nitakutolea moshi. Nipe kitu kipo au hakipo." Mashine yake, alisema, haishiki uzi mwembamba kuliko nusu milimita. Kwa pikseli 300 kwa inchi, nusu milimita ni pikseli 6 hivi.

Kwa hiyo faili la tisheti likaachana na faili la skrini. Nilinakili kila kitu, nikakuza hadi pikseli 300 kwa inchi kwenye ukubwa kamili wa sentimita 28, nikaigawa kazi. Ukingo wa mwili, gauni na mkongojo: alfa ikalazimishwa kuwa 0 au 255, bila katikati. Mvi zilizosimama peke yake nje ya kichwa, nyembamba kuliko pikseli 6: nyingi nilizifuta, na chache zilizompa kichwa umbo lake nikazichora upya kwa unene unaoshikika. Wajukuu hawatahesabu nywele. Wataangalia kama umbo la kichwa ni la bibi yao.

Pindo la lesi lilihitaji akili nyingine, kwa sababu ukililazimisha kuwa lipo au halipo linageuka karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Nililigeuza kuwa vitone: palipo na alfa kubwa vitone vinakuwa vikubwa na kukaribiana, palipo na alfa ndogo vinakuwa vidogo na kuachana, na kila kitone chenyewe ni kizito kamili. Magazeti yamechapa picha kwa njia hiyo tangu enzi. Kitambaa cheusi kinaonekana kati ya vitone na jicho, kwa umbali wa mtu na mtu wanapoongea, linaona shela.

Kwenye jaribio la tisheti moja vitone vilitoka vidogo mno upande wa nje, vingine havikushika. Tukaongeza ukubwa wake, na fundi akarudisha wino mweupe ndani kwa pikseli mbili kila upande ili usichungulie pembeni ya rangi. Jaribio la pili likakaa. Tuliliacha mpaka kesho yake, tukalifua kwa maji baridi likiwa limegeuzwa ndani nje, tukalikwaruza kwa ukucha kwenye pindo. Halikutoka kitu. Ndipo dada akalipa za tisheti zote.

Kuhusu malipo, kamati ilikuwa imeshaweka bei kichwani kutokana na "si kuna app ya bure?" Sikubishana. Niliwawekea kwenye meza tisheti ya jaribio na ile picha ya kwanza yenye ngumi iliyokamata hewa, nikawaachia wazungumze wenyewe. Mmoja wa wajomba, ambaye ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote, aliuliza tu kama ningeweza pia kuondoa kidoa kwenye gauni. Kiliondoka.

Kadi, ukumbi na keki

Kwa kadi ya mwaliko na picha za kurushwa ukutani ukumbini nilitoa PNG ya skrini, yenye mvi zake zote na lesi yake laini, nikaituma kama dokumenti na kumwandikia dada kwa herufi kubwa asiipeleke kwenye kundi kama picha. Huko ilikaa juu ya zambarau iliyokolea na hakuna aliyejua imekatwa.

Siku mbili kabla ya sherehe simu ikalia tena. Mwoka keki anataka picha ya bibi iliyokatwa, ya kuprinti kwenye karatasi ya kulika na kuweka juu ya keki nyeupe. Nilijaribu kuiweka juu ya leya nyeupe kabla sijajibu. Mashine ya karatasi ya kulika haina wino mweupe. Nyeupe yake ni karatasi yenyewe. Mtandio ulitoweka wote. Alibaki bibi mwenye uso, miwani na mstari wa vivuli mahali ambapo kichwa kinapaswa kuwa, na tunajua alivyosema kuhusu kutoka bila mtandio.

Ningeweza kuchora kivuli kuzunguka lesi, au kuweka duara la rangi nyuma. Vyote vingeonekana ni vya kubandika. Nikamwambia dada ampelekee mwoka keki picha ya Dodoma jinsi ilivyo, aikate duara la sentimita 20, bibi katikati na mwembe wake wote nyuma. Sikumtoza kitu kwa hiyo.